Udongo Ukikauka, Je?

Katika muhula wa kwanza mwalimu wetu wa Kiswahili alituandikia methali ubaoni: "Udongo uwahi ungali maji." Akatutaka tuieleze. Mikono iliinuka darasa zima, maana methali hii tunaijua tangu shule ya msingi. Mmoja akasema kwamba mtoto afunzwe adabu angali mdogo. Mwingine akasema kwamba jambo lolote lishughulikiwe mapema kabla halijaharibika. Mwalimu akaridhika, akaanza kufuta ubao. Hapo ndipo mwenzetu mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hupenda maswali ya ajabu, aliponyosha mkono na kuuliza: "Na je, mwalimu, udongo ukishakauka ndio basi? Unatupwa?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu yeye hakucheka. Alisema tu, "Hilo muulizeni mfinyanzi," na mara kengele ikalia.

Mimi nilikuwa nimekaa kimya kama maji mtungini. Nimelelewa nyumbani kwa mfinyanzi, na jibu nililijua. Nilinyamaza kwa sababu jibu hilo lilikuwa na aibu yangu ndani yake. Makala haya basi ni jibu langu lililochelewa. Ningependa kuwaeleza wanafunzi wenzangu jinsi udongo mbichi uliobaki au uliokauka unavyorudishwa hata ukafaa kufinyangwa tena. Lakini sina budi kuanza na kisa changu, kwani bila kisa hicho somo lenyewe lisingeniingia kichwani.

Kisa chenyewe

Kwetu ni upande wa Kakamega, si mbali na Ilesi. Aliyewahi kupita barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu bila shaka ameviona vyungu, mitungi na vyombo vya maua vilivyopangwa kando ya lami hapo Ilesi. Nyanya yangu naye ni mfinyanzi, ila yeye hufanyia kazi nyumbani. Karakana yake ni kibanda kilicho nyuma ya jikoni: paa la mabati, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, ubao wa kukandia, na madebe mawili ya mabaki pembeni.

Kila kipande kinachokatwa ukingoni mwa chungu, kila chungu kinachopinda kabla ya kuchomwa, na hata matope yanayonawiwa mikono, vyote huingia katika madebe hayo. Nyanya hatupi udongo. Hutuambia, "Huu nimeubeba kichwani kutoka kule mtoni. Nikiutupa, nimetupa shingo yangu."

Likizo ya Aprili mwaka jana mvua ilinyesha usiku na mchana. Shimo la udongo lililo karibu na kijito likajaa maji, na udongo mpya ukawa haupatikani. Wakati huohuo mama mmoja mwenye hoteli ya chakula kando ya barabara, anayeuza mrenda na kunde zilizopikwa kwa chungu, alikuja kuagiza vyungu kumi. Pesa za vyungu hivyo zilikuwa zimekwisha pangiwa kazi, yaani kumalizia karo yangu ya muhula wa pili. Udongo uliokuwapo ni ule wa madebeni tu.

Kabla kazi haijaanza, Nyanya akapata habari kwamba dada yake anaugua. Akafunga safari ya kwenda kumwuguza. Aliponiaga alinionyesha yale madebe.

"Mjukuu wangu, haya mabaki uyaanike pale darini jikoni, penye joto la moto. Yakauke kabisa kabisa, mpaka ndani. Ukivunja kipande kilie ka! kama biskuti. Ndipo uyatie maji. Umesikia?"

"Nimesikia, Nyanya."

Nilisikia kwa masikio tu. Siku hizo niliiona kazi ya udongo kuwa kazi ya akina mama, na juu ya hayo kulikuwa na mashindano ya kandanda baina ya vijiji. Niliyaanika mabaki nje siku moja, nikaenda uwanjani, mvua ikayakuta huko huko na kuchukua sehemu yake. Siku sita zikapita. Siku ya saba tukapata habari kwamba Nyanya anarudi kesho yake. Roho ikaniruka! Nikayatwaa mabaki vile yalivyokuwa, makavu kwa nje na laini kwa ndani, nikayarudisha madebeni na kuyamwagia maji. Nikaona madebe hayakujaa kama zamani. Nifanyeje? Nikachukua ufagio, nikafagia sakafu ya kibanda na chini ya kuta, nikazoa kila kitu kilichofanana na udongo na kukitia humo. Nikakoroga kwa mti. Ukitazama kwa juu ungedhani ni kazi safi.

Nyanya alirudi jioni, amechoka.

"Yale mabaki, uliyakausha?"

"Niliyakausha, Nyanya."

Uongo wenyewe ulikuwa maneno mawili tu.

Baada ya siku chache Nyanya alianza kukanda. "Lo! Huu udongo mbona una mabonge?" alisema, akainama na kuendelea kukanda hadi usiku. Macho yake si ya zamani, na tena aliniamini. Alifinyanga vyungu kumi. Vinne vilipasuka vikiwa kivulini vinakauka, kwa sababu penye bonge gumu na penye matope laini hapakaukii pamoja. Sita vilifika motoni, vikatoka vyekundu na kupendeza. Tukavipeleka, tukalipwa.

Siku ya tisa mama wa hoteli akaja nyumbani, vyungu viwili vikiwa kikapuni. Ubavuni mwa vyungu hivyo palikuwa pamebanduka vipande vidogo vya mviringo kama sarafu, na katikati ya kila kidonda palikuwa na nukta nyeupe.

"Mama, mimi sikuja kugombana," alisema. "Lakini wateja wangu wanaokota udongo kwenye mboga."

Nyanya aliigusa ile nukta kwa ukucha. "Chokaa," alisema. Kisha akanitazama mimi. Hakuongeza neno. Aliingia ndani, akatoa pesa za vyungu vyote sita na kumrudishia mwenyewe.

Usiku huo nilimweleza kweli yote. Nilitarajia kiboko. Badala yake alisema, "Vile vinne vilivyopasuka havijaona moto. Kesho tunaanza navyo. Safari hii utafanya wewe, na mimi nitakaa kwenye kigoda nikuangalie." Hivyo ndivyo nilivyofunzwa haya ninayoyaandika. Muhula wa pili nilirudi shuleni wiki moja baada ya wenzangu.

Kwa nini udongo hurudi

Kwanza tuelewe udongo wa mfinyanzi ni kitu gani. Si kila udongo wa shambani hufaa. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno, ambazo upana wake hauzidi sehemu 2 katika sehemu 1,000 za milimita moja. Tena chembe hizo ni bapa kama sahani. Maji yakiingia katikati yake, sahani hizo huteleza moja juu ya nyingine bila kuachana. Ndiyo maana udongo wenye maji hukubali kuvutwa na kupindwa, ukabaki na umbo ulilopewa.

Udongo ulio tayari kufinyangwa huwa na maji kiasi cha robo au sehemu moja kwa tano ya uzito wake. Ukianikwa, maji hayo hutoka, zile sahani husogeleana, na udongo hunywea. Unaweza kulipima jambo hili mwenyewe. Tengeneza utepe wa udongo, chora juu yake mstari wa sentimita 10, kisha uache ukauke kivulini. Upime tena. Utaona mstari umepungua kwa nusu sentimita, na pengine hata sentimita nzima, kulingana na aina ya udongo.

Sasa zingatia hili: katika kukauka huko, chembe zenyewe hazikubadilika. Zimesogeleana tu. Kwa hiyo maji yakirudi, chembe huachiana nafasi na udongo hulainika kama awali. Chungu kibichi kilichokauka mwaka mzima bado ni udongo. Kitie majini nawe utaona kikibomoka.

Basi kwa nini Nyanya alisisitiza kwamba mabaki yakauke kabisa kabla ya kutiwa maji? Ukiwa na haraka utaona ni kinyume: mbona tukaushe kitu tunachotaka kukilowesha? Siri ni hii. Bonge lililokauka kabisa lina vitundu vingi vyenye hewa ndani yake. Likitumbukizwa majini, maji hufyonzwa kwa nguvu katika vitundu hivyo, hewa husukumwa nje kwa mapovu, na bonge humomonyoka lenyewe kama biskuti kwenye chai. Lakini bonge lenye unyevu vitundu vyake vimekwisha jaa maji. Maji mapya hayana pa kuingilia. Hulainisha ngozi ya juu tu na kuifanya utelezi, ilhali kiini kinabaki kigumu. Hayo ndiyo mabonge aliyoyagusa Nyanya.

Asiyesadiki na afanye jaribio dogo. Chukua bilauri mbili za maji. Katika moja tia kipande cha udongo mkavu kabisa, na katika ya pili tia kipande cha ukubwa uleule chenye unyevu. Usikoroge. Rudi baada ya nusu saa. Kile kikavu utakikuta kimelala chini kama uji, na kile cha unyevu bado kimekaa na umbo lake.

Hatua za kurudisha udongo

1. Kutenga. Weka mabaki mabichi peke yake. Kilichokwisha chomwa hakiingii humo. Kama nyumbani kuna udongo wa aina mbili, kwa mfano mwekundu na wa kijivu, kila mmoja uwe na chombo chake, kwani kila udongo hunywea kwa kiasi chake. Ondoa majani, vijiti, nyuzi na waya. Zaidi ya yote, usizoe sakafuni kamwe kama mimi.

2. Kukausha kabisa. Vunja mabaki yawe vipande vidogo kadiri ya njugu, uyatandaze juani, ama karibu na joto la jikoni wakati wa mvua. Utajuaje kwamba yamekauka? Vunja kipande uangalie: rangi ya ndani na ya nje ziwe sawa. Tena kiweke shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji. Nyanya hufanya hivyo kila mara, na ukimwona utadhani anakibusu.

3. Kuloweka. Tia maji chomboni kwanza, kisha mimina udongo mkavu humo polepole. Maji yafunike udongo kwa vidole vitatu au vinne. Utasikia sauti kama ya soda iliyofunguliwa, nayo ni ile hewa inayotoka. Usikoroge! Ukikoroga mapema utayafunga mabonge ndani ya matope. Uache ulale siku moja au mbili.

4. Kukoroga na kuchuja. Sasa koroga hata upate uji mzito. Upitishe katika chekecheke ya waya au kipande cha wavu wa kuzuia mbu madirishani. Sugua kwa mkono taratibu. Mizizi, changarawe na mabonge magumu vitabaki juu. Tulipouchuja udongo wa vile vyungu vinne, niliokota punje nyeupe 17 za chokaa. Nyanya aliniambia nizihesabu kwa sauti.

5. Kutuliza. Acha uji utulie siku moja au mbili. Maji safi yatapanda juu. Yateke kwa kikombe polepole. Yakiwa bado yana rangi ya udongo, subiri. Usiyamwage, kwa sababu zile chembe ndogo zaidi, ambazo hasa ndizo zinazoupa udongo ulaini wake, ndizo zinazoelea humo. Ukizimwaga utabaki na udongo usiokubali kupindwa.

6. Kupunguza maji. Tandaza shuka kuukuu juu ya matofali makavu, umimine uji mzito hapo kwa unene wa sentimita 3 hivi. Matofali hunyonya maji kwa chini na upepo huyachukua kwa juu. Ugeuze ukishikamana. Njia nyingine ni kuutia katika mfuko wa kitambaa cha pamba na kuutundika. Sisi tulitumia suruali yangu kuukuu ya shule, tukaifunga miguu kwa kamba, tukaijaza na kuitundika kwenye boriti. Jirani aliyekuja kuomba moto asubuhi alipiga ukemi akidhani kuna mtu amening'inia!

7. Kukanda. Udongo ukiacha kunata mikononi, ukande kama unga wa chapati. Sukuma kwa viganja, kunja, geuza, sukuma tena. Kisha ukate katikati kwa uzi mwembamba wa nailoni, utazame uso wa mkato. Ukiona vitundu vya hewa au mistari ya rangi mbili, piga kipande kimoja juu ya kingine na ukande tena. Mimi nilikanda mpaka mabega yakawaka moto, na Nyanya pale kigodani aliniambia, "Bado."

8. Kulaza. Funga udongo kwa kitambaa chenye unyevu na juu yake karatasi nzito ya nailoni. Ile mifuko myepesi ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hiyo usiitafute. Ulaze majuma mawili au zaidi. Ukinuka kidogo usidhani umeoza ukautupa; udongo uliolala huwa mlaini kuliko ulioamka jana.

Mwisho, ujaribu. Fanya kamba nyembamba ya udongo, uizungushe kidoleni. Ikizunguka bila kupasuka, kazi imefaulu. Ikipasukapasuka, changanya udongo huo na mpya kiasi sawa na sawa, ukande upya.

Mambo ya kuhadhari

Wenzangu watakaojaribu kazi hii wazingatie mambo matatu.

La kwanza ni vumbi. Vumbi la udongo mkavu lina silika, na mtu akilivuta kwa miaka mingi huharibu mapafu yasipone tena. Usitwange wala usichekeche udongo mkavu ndani ya chumba, na usifagie karakana kwa ufagio mkavu. Futa kwa kitambaa chenye maji. Hapa pia mnaona kwamba ufagio wangu siku ile ulikosea mara mbili.

La pili ni chokaa na plasta. Punje ya chokaa kama ya mtama inatosha kuharibu chungu. Moto mkali huibadilisha ikawa chokaa hai. Chungu kikishapoa, punje hiyo huanza kunyonya unyevu wa hewa au wa chakula, huvimba, na kusukuma ukuta wa chungu hadi ubanduke. Mafundi wa nyumba wanajua jinsi chokaa iliyochomwa inavyochemka na kuvimba ikimwagiwa maji. Hatari yake ni kwamba haionekani siku ya kutoa chungu motoni. Huja baada ya siku kadhaa, wakati chungu kimekwisha kuuzwa na jina la mfinyanzi limekwenda nacho.

La tatu ni mabomba. Katika nyumba zenye sinki, maji ya udongo yasimwagwe humo. Udongo hutulia katika bomba ukajenga ukuta. Nawia mikono kwenye ndoo, maji yakituama yateke, na matope yarudi debeni.

Uliokwisha chomwa

Je, na kile chungu kilichochomwa kikavunjika, nacho hurudi? La, hasha. Katika udongo kuna maji mengine ambayo macho hayayaoni. Hayakukaa katikati ya chembe bali yamefungwa ndani ya chembe zenyewe, katika umbile lake la kikemia. Jua haliwezi kuyatoa. Lakini moto ukipita nyuzi 500 hadi 600 hivi za sentigredi, hutoka, na chembe hugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Hapo udongo umekuwa kigae. Kiloweke mwaka mzima, kitabaki kigae.

Hata hivyo, kigae hakikosi kazi. Wafinyanzi hukitwanga, hukichekecha, na kuchanganya chenga zake na udongo mbichi, kwa mfano sehemu moja ya chenga kwa sehemu tano za udongo. Chenga hazinywei tena, kwa hiyo hupunguza kupasuka wakati wa kukauka, nazo hukisaidia chungu cha kupikia kustahimili joto na baridi. Kwa hiyo kigae kinaweza kumsaidia chungu mwenzake, ingawa chenyewe hakiwezi tena kuwa chungu. Kutwanga nako kufanywe nje, vigae vikiwa vimeloweshwa kidogo, kwa sababu ya lile vumbi.

Jibu la swali

Sasa narudi kwa mwenzetu wa dawati la nyuma. Udongo ukikauka, je, unatupwa? Hautupwi. Unarudi, mradi haujaonja moto.

Je, methali basi imekosea? Sioni hivyo. Udongo ulio na maji ukiuwahi, chungu utakifinyanga leo. Ukiuacha ukakauka, utatumia siku nane au kumi za kuvunja, kuloweka, kuchuja na kukanda ndipo ufike pale ulipokuwa. Kuwahi ni nafuu, na ndivyo wahenga walivyosema. Ila sisi wanafunzi tumezoea kuongeza maneno ambayo hayamo katika methali. Tunaongeza kwamba aliyechelewa ndiye aliyekwisha. Tunamwambia mwenzetu aliyeanguka mtihani, au aliyeshindwa na Hisabati tangu kidato cha kwanza, kwamba udongo wake umekauka. Mfinyanzi asingesema hivyo. Angeuliza tu kama umekauka hadi ndani, kisha angekwenda kuteka maji.

Nami nimepata funzo langu la pekee. Siku ile Nyanya aliposema udongo una mabonge, vyungu vyote kumi vilikuwa bado havijafinyangwa. Ningesema kweli wakati huo, tungeuchuja udongo wote na pasingekuwa na hasara yoyote ila jasho. Hata vilipokuwa vinakauka kivulini, bado tungeweza kuvivunja na kuviloweka. Nilikuwa na siku nyingi za kusema. Nikanyamaza mpaka kuni zikawashwa, na baada ya hapo ukweli wangu haukuweza kurudisha chungu hata kimoja.

Vyungu vipya sita tulivipeleka kwa mama wa hoteli siku ya kwanza ya likizo ya Agosti. Alivigonga kimoja kimoja kwa kidole, akasikiliza, akalipa. Mpaka naandika makala haya havijabanduka. Na vile vya zamani je? Nyanya alikataa kuvitwanga viwe chenga, maana vina chokaa. Kimoja kilivunjika, na gae lake liko mlangoni mwa kibanda, kuku hunywea maji. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi gae letu tumewaachia kuku, na ninapokuwa nyumbani mimi ndiye ninayelijaza kila asubuhi.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya udongo uliokauka na udongo uliochomwa.
2. Kwa nini bonge lenye unyevu halimomonyoki upesi majini kama bonge kavu?
3. Fanya lile jaribio la bilauri mbili, kisha uandike ulichokiona katika aya moja.
4. Tunga kisa kifupi kitakachothibitisha methali: "Udongo uwahi ungali maji." Mhusika wako awe amechelewa, lakini asiwe amekwisha.